Mkate wa Pili wa Ersilia

Mwokaji wa tanuri la mji hakuwa na maneno mengi. Tangu askari wa Kijerumani wauteke mji, alikuwa akipiga miayo mchana kutwa, akipangusia mikono aproni ileile, akichomoa kwa koleo refu la mbao mikate ya majirani, kila mmoja na muhuri wa ukoo wake ili isichanganyike. Siku hiyo Ersilia, mjane aliyemficha mwanawe darini, alipeleka miwili, yote na muhuri wake.

"Mama, si unaishi peke yako?" askari mmoja wa Kijerumani aliyelinda mlango akauliza ilipotoka tanurini. "Wa pili wa nani?"

"Wangu," mwokaji akajibu. "Ujira wa tanuri."

"Basi ule hapa mbele yangu," askari akasema.

Mwokaji akaumega ungali wa moto, akaumaliza wote, polepole, kama mtu aliye kazini. Askari alipoondoka, akajipangusa midomo iliyoungua.

"Kesho wa pili usiupige muhuri wenu, bibi, wasijue ni wako. Tumbo langu limezeeka."