Nilimfuata mke wangu ukweni Samuye nikiwa na tomahawk begani

Wakuu habari za humu. Hii imenikuta mwenyewe, siyo jirani yangu, na sipunguzi hata sehemu zinazoniaibisha.

Nauza spea za bodaboda hapa Buseresere. Mwaka jana nikaanza kuangalia video za wazungu wanaofua tomahawk, yale mashoka madogo ya kurusha ya Wahindi Wekundu. Mtu mzima, baba wa mapacha, nikaona hiki ndicho kipaji Mungu alichonificha.

Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu, nikapata springi ya lori.

Nyuma ya nyumba nikafungua workshop. Rimu ya gari ndiyo tanuru, kipande cha reli ndiyo fuawe ya kugongea chuma, upepo unatoka kwenye draya ya nywele ya mke wangu, Mama Kulwa. Mkaa pia wake, gunia zima la kupikia.

Alivumilia mkaa. Alivumilia draya. Siku moja cheche zikaruka zikatoboa kitenge chake kilichoanikwa. Akaniita mara tatu sikusikia, nagonga tu. Nilipogeuka, yeye na Kulwa na Doto walishapanda bodaboda kuelekea stendi. Safari ya kwao, Samuye.

Sasa mwanaume mwenye akili timamu angefanya nini?

Mimi nilisema ngoja kwanza nimalize, nimpelekee, aone kitenge hakikuungua bure. Nyumba ilikuwa kimya, nikiona viatu vya watoto machozi yananilenga. Naenda zangu nyuma kugonga.

Kutoboa tundu la mpini peke yake kulikula siku nne. Siku ya kumi nikalipasha shoka likawa jekundu, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji baridi. Likalia "tii!" Nikatabasamu, nikajua hiyo ndiyo sauti ya chuma kukomaa.

Kesho yake nikaondoka. Kwenye basi nililifunga kwa gazeti. Nilipoteremka nikalifungua, nikaliweka begani, ukweni walione linavyong'aa.

Wakuu, hebu kaeni kwenye nafasi ya mama mkwe wangu. Binti yake amemkimbia mumewe. Siku ya kumi na moja mume huyo hapo uani, hakutuma mshenga, ana shoka begani, na anatabasamu.

Mama alipiga mwano, lile yowe letu la hatari.

Kabla sijamaliza kusema shikamoo, sungusungu wa kijiji walishanizunguka na fimbo. Nikalazwa chini. Kamanda wao anauliza, "Umekuja kumuua nani?" Nasema, "Hii ni zawadi jamani!" Ndiyo kwanza wakazidi kupandisha hasira.

Baba mkwe, mzee aliyekata miti maisha yake yote, akaliokota. Akalipima mkononi, akaligonga kwenye gogo mara moja tu.

Pwaa! Vipande viwili.

Kumbe springi ile inataka kupozwa kwa mafuta, halafu ipashwe tena taratibu. Video nilikuwa sijaimalizia.

Mzee akaangalia vipande, akaniangalia mimi. "Mwachieni. Huyu hawezi kuua hata kuku."

Sungusungu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sijawahi kufurahia dharau kiasi kile.

Mama Kulwa akatoka ndani. Yeye hakucheka.

"Baba Kulwa, nimejificha chini ya kitanda na watoto."

Hapo nililia, mbele ya wakwe. Nikamwambia nilikuwa namtengenezea yeye.

"Mimi nililala na simu mkononi siku zote hizo," akasema. "Hukupiga hata mara moja."

Nilirudi peke yangu. Nikatuma mshenga, nikawa napiga simu kila jioni, naongea na Kulwa, naongea na Doto, yeye namsikia tu anapumua pembeni. Mwezi ulipoisha akakubali kurudi.

Funzo langu ni hili: mke akiondoka, weka nyundo chini, piga simu siku ileile.

Nyie mliowahi kumfuata mke ukweni, mlifika mmebeba nini?