Mzigo wangu na mzigo wa mkandarasi

Leo Jumamosi, msimu wa pili tangu nitoke Kwimba, na nusura nifukuzwe kazi kwa neno moja!

Hapa Sumbawanga nabeba magunia kwenye mashine za Mama Neema, ya kukoboa na ya kusaga. Wiki hii nyaya ziliungua. Hakuna kusaga, hakuna kibarua, hakuna nauli ya kurudi kwetu.

Leo kaja mkandarasi wa umeme. Akamuuliza Mama, "Mzigo wako mkubwa kiasi gani?"

Mama, anayependa vya bei nafuu, akajibu, "Mdogo tu, mwanangu. Mashine moja."

Mimi niliposikia mzigo, mgongo uliniuma. Nikadakia, "Mdogo? Mavuno haya magunia yanafika darini! Tunakoboa na kusaga kwa pamoja mpaka jioni!"

Mkandarasi akanigeukia.

Kumbe jamaa alikuwa anauliza mzigo wa umeme, yaani mashine ngapi zinavuta kwa wakati mmoja!

"Wewe Msukuma, nani kakuuliza?" Mama akafoka. Nikajua leo nafungasha.

Mkandarasi akacheka mpaka akashika ukuta. "Usimgombeze, Mama. Ningefunga waya wa mashine moja, ungeungua tena. Nafunga wa mashine mbili, au naondoka."

Mama akanikazia macho, halafu akacheka naye. "Haya, mbili. Na wewe mdomo mrefu, kamsaidie kutoboa ukuta."

Ukuta tumeshatoboa, Jumatatu tunasaga!

Nyie mngenyamaza kweli?

Mwambieni mke wangu kule Kwimba, mwezi wa kumi niko nyumbani.