Mtu wa Kilio Anaandika Wimbo wa Ndoa

Kama ulizika mtu wako Butembo au Beni katika miaka hii yetu, basi mimi ndiye niliyekuliza. Jina langu labda hulijui, lakini machozi yako yananijua. Watu husema najisifu. Sawa, najisifu. Wenye diplome za muziki wako Kinshasa, wanajua kusoma noti kwenye mistari mitano, na hakuna hata mmoja wao ambaye wimbo wake unaimbwa kuanzia Musienene mpaka Eringeti, kwa Waprotestanti na kwa Wakatoliki. Wangu unaimbwa. Mimi ni compositeur, mtunzi wa nyimbo, na nilijifanya mwenyewe.

Shule niliiacha mapema, maana baba alikufa na viazi vya Musienene vilikuwa vinataka mgongo wa kuvibeba. Muziki nilifundishwa na chorale, kwaya ya kanisa letu, kwa do-re-mi iliyoandikwa kwa chaki ukutani. Wengine walikuwa wanashika sauti yao tu. Mimi, nikiwa nimesimama kwa basse, nilikuwa nasikia soprano, alto na tenor kwa mara moja, kama mtu anayesikia mazungumzo ya vyumba vyote vya nyumba yake. Nikajua kwamba Mungu alinipa kitu ambacho shule haikupewa. Baadaye biashara ya viazi ilitembea vizuri, nikanunua clavier, ile piano ya umeme, na panneau ya jua ya kuiwashia wakati courant inakatika. Chumba cha mbele cha nyumba yangu, nyumba ya matofali ya kuchoma niliyoijenga mwenyewe, ndicho studio.

Vifo ndivyo vilivyonifanya mkubwa. Tangu watu walipoanza kuuawa na waasi mashambani kule Beni, kilio hakikuisha, na kila familia inataka mtu wake apewe wimbo wake mwenyewe, si ule wa kitabu unaoimbiwa kila mtu. Wanakuja, wanakaa kwenye banc yangu, benchi la mbao, na mimi siwaulizi marehemu alikuwa na kazi gani. Nawauliza: alikuwa anaita kuku namna gani? Mvua ikimkuta njiani alikuwa anasema nini? Mjane mmoja wa Kamango aliniambia bwana wake alikuwa anakohoa kwanza mlangoni kabla ya kuingia, ili watoto waache kelele. Kikohozi kile nilikitia katika basse. Siku ya kutoa sanduku, yule mama alianguka chini kabla hatujafika kwenye ubeti wa pili. Hiyo ndiyo kazi. Nani wa Kinshasa angefanya vile?

Na kuna jambo moja ambalo ni mimi niliyelianzisha. Mwisho wa wimbo, kabla sauti zote nne hazijaangukia pamoja kwenye neno la mwisho, chorale yote inanyamaza, pumzi moja hivi. Katika kimya kile mkubwa wa familia anataja jina la marehemu, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula. Halafu sauti nne zinashuka. Leo chorale zote zinafanya hivyo, hata zile zisizonipenda. Mtoto yeyote wa huku anajua: kimya kikifika, jina linatajwa.

Binti yangu mkubwa alipopata mchumba, mimi nilikwisha kuanza wimbo wa ndoa yao kabla mbuzi za mahari hazijafika. Kijana alikuwa wa watu wa Eringeti waliokimbilia Beni, kijana wa adabu, ambaye kaka yake mkubwa aliuawa wakati wa kuvuna kakao. Nikiwa kwenye clavier, binti yangu akaja akasimama mlangoni.

“Papa, wimbo ya ndoa yangu hapana utunge wewe.”

“Nani basi?”

“DJ. Ataleta ya Kampala mu clé USB.”

“Mimi niko na chorale zote hizi nyuma yangu, na mutoto wangu aingie mu kanisa na clé USB? Batu batasema nini?”

“Batu bakisikia muziki yako, papa, banatafuta mouchoir ya kupangusa machozi. Mimi nataka siku moja tu bacheke.”

Sikulala vizuri tangu siku ile. Mtu anaweza kukuambia muziki wako ni mbaya, ukamcheka, maana unajua hasikii. Lakini yeye hakusema ni mbaya. Alisema ni wa maiti.

Ndipo akafika yule mademoiselle wa sinema. Ni mzaliwa wa Beni, alisomea filamu Kinshasa, na filamu zake za kwanza, zile za vita, ni mimi niliyezitilia muziki. Zilionyeshwa hata Ulaya. Jina langu liliandikwa mwisho kabisa, herufi ndogo, lakini liliandikwa. Safari hii alikaa kwenye banc yangu kama wafiwa wanavyokaa, akasema:

“Papa compositeur, nimechoka na bafilme ya kilio. Hii iko ya ndoa. Bibi-harusi wa Kamango anatoka kwa baba yake, anaenda kwa bwana. Hakuna mutu anakufa ndani. Utaweza?”

“Wewe unaniuliza mimi kama nitaweza?”

Nilimwita binti yangu palepale, mbele ya mgeni. Nikamwambia: filamu ikionyeshwa Beni, na watu wa Beni wakicheka na kupiga makofi kwa wimbo wangu, basi ataingia nao kanisani, na DJ atakaa na clé yake mfukoni. Binti yangu akakubali, ila kwa sharti.

“Nitausikia kulekule, kati ya batu. Hapa nyumbani mama atasema ni muzuri ili ukule vizuri.”

Mke wangu alijitetea kutoka jikoni kwamba yeye hadanganyi mtu. Na kweli hakunidanganya. Asubuhi ya kwanza nilipiga nilichokitunga, naye akaniita kupitia dirisha, kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo, mkononi:

“Papa batoto, nani tena amekufa?”

“Hapana mutu! Ni ndoa!”

“Ndoa ya nani? Ya mujane?”

Nikafuta. Nikaandika nyingine. Akauliza tena kama aliyekufa ni mtu wa karibu au wa mbali. Siku zikaenda hivyo, na mimi, ambaye nimezoea kumaliza wimbo kabla maiti haijaoshwa, nilikuwa nakaa mbele ya clavier kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake. Kila sauti niliyoitafuta ilikuwa inashuka. Soprano ilipanda hatua mbili, halafu ikachoka, ikarudi chini kukaa na basse. Nilipiga vitu vya furaha ninavyovijua, vile vya watoto wa shule ya Jumapili, na hata hivyo navyo vidole vyangu vilivichelewesha.

Mwishowe nikaitupa clavier kando, nikatoka nje, nikapiga makofi peke yangu uani kama kichaa mpaka nikapata mwendo. Juu ya mwendo ule nikaweka ngoma, juu ya ngoma wanawake wakijibizana, alto wakimtania bibi-harusi kwamba hajui kupika bukari, ugali wetu, soprano wakimtetea. Haraka, haraka, bila nafasi ya kuhuzunika. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko mkononi, akacheza, unga ukamwagika.

“Sasa hii,” akasema, “hata mguu yangu ya maumivu imesikia.”

Tuliurekodi kanisani hapa Butembo. Chorale yangu iliimba vile mademoiselle alivyokuwa hajawahi kuisikia ikiimba, na alipovua écouteurs masikioni alikuwa anatabasamu.

“Papa, ile silence, kile kimya mbele ya mwisho! C’est beau, ni nzuri. Bibi-harusi atageuka kutazama nyumba yao mule ndani.”

Nikamwambia hivyo ndivyo compositeur mkubwa anavyofanya. Naapa mbele ya Mungu, sikujua ninasifiwa kwa nini. Mkono wangu ulikiandika kile kimya kama mguu unavyojua ngazi za nyumba, na chorale ilinyamaza kama inavyonyamaza siku zote, na katika kanisa lile zima hakuna aliyeona ajabu. Kwetu sisi wimbo unaishaga vile.

Siku ya kuonyesha filamu tulishuka Beni na binti yangu, mchumba wake akatupokea. Salle ya paroisse, ukumbi wa parokia, ilijaa, watu wengine walikaa chini mbele ya kitambaa cheupe. Mimi nilipewa kiti cha mbele, lakini nikaomba kukaa upande, nipate kumwona binti yangu. Bibi-harusi wa sinema alipotoka ndani ya nyumba ya baba yake, ngoma yangu ikaanza. Watu walicheka palepale, kwa maneno ya bukari. Mama mmoja alijibu alto kwa sauti: “Hata mimi sikujuaka!” Salle yote ikacheka tena. Makofi yakaingia, makofi ya kweli, yenye mwendo wangu. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anapiga makofi. Akanitazama naye, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa mchezo, meno yote nje.

Kisha chorale ikanyamaza.

Bibi-harusi aligeuka kutazama nyumba yao. Na nyuma yangu, gizani, mama mmoja akataja jina. Hakulia. Alilitaja kama linavyotajwa kilioni, kama anayeita mtu aje kula. Upande wa dirisha mzee akataja la kwake. Halafu majina yakatoka kila pahali, ya wanaume, ya watoto, mengine mawili kwa mdomo mmoja, na sauti zangu nne ziliposhuka kwenye neno la mwisho hakuna aliyezisikia. Kwenye kitambaa bibi-harusi alikuwa anacheka na kutupiwa maua. Mademoiselle alikimbilia mashine aizime, mtu akamshika mkono: “Wacha, dada. Bado hatujamaliza.”

Mchumba wa binti yangu alisimama. Alitaja jina la kaka yake, akabaki amesimama, mikono ikining’inia, kama hajui aiweke wapi.

Mimi nilifanya nini? Nilikaa. Na nitasema ukweli, maana anayejisifu sharti aseme na ukweli pia: sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inahesabu kwamba hakuna wimbo duniani uliowahi kutii namna ile. Sehemu nyingine ilikuwa inamtazama binti yangu. Alikuwa ameacha makofi. Alikuwa anamvuta mchumba wake kwa koti, polepole, akae.

Asubuhi tulikaa juu ya mizigo yetu tukingoja magari yajikusanye, maana barabara ile haipitwi na gari moja peke yake, kwa hofu ya kuviziwa. Nilianza mimi.

“Nitatoa kile kimya. Ni kitu ya dakika moja. Nitaunganisha tu.”

“Hapana, papa.”

“Uliona vile balicheka?”

“Niliona. Mbele ya kimya, nilifurahi sana.” Alikuwa anafungua na kufunga zipu ya mkoba wake. “Mais sasa hata ukitoa, batakingoja. Mimi pia nitakingoja. Nitakuwa mbele ya pasta nangoja bwana yangu ataje kaka yake.”

“Hata bila muziki yangu batamufikiria. Unadhani clé USB itabazuia?”

“Hapana itabazuia. Bafikirie tu bila wewe kubasaidia.”

Nikashika mizigo yetu. Magari yakawashwa, tukapanda. Mademoiselle ameniambia kwamba anakiacha kimya kama kilivyo, na kwamba watu wa filamu nyingine wameniulizia. Filamu zenyewe ni za nini, sikumuuliza. Nilimwambia wao pia wangoje zamu yao.

Siku ya ndoa Butembo ilikuwa na ukungu na mvua ndogo. Binti yangu, akiwa tayari kutoka, alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Nilikuwa nimevaa koti langu jeusi, kitambaa cha kweli, ambalo ninasimama nalo mbele ya kila kaburi.

“Papa, vua koti.”

“Na baridi hii?”

“Vua, papa.”

Nikalivua, mama yake akalipokea. Niliingia na binti yangu kanisani kwa shati, spika za DJ zikikwaruza, muziki wa Kampala ukipiga kuliko nguvu za spika zenyewe. Watu walikuwa wanacheka, wanapiga makofi, wanawake wanapaza sauti. Baridi ilinishika mabegani, magoti yakaanza kutetemeka, mkono wa binti yangu ukinibana ubavuni. Na mama mmoja wa alto yangu akasimama kwenye banc, akapiga kelele kwa furaha:

“Mutazame papa compositeur! Naye anacheza!”