Mkono wa Kwenye Kioo

Saa nne na dakika kumi asubuhi nilikuwa kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio, Kawangware, nikichomelea waya wa spika, mkono wa kulia ulipoacha kunitii. Haukuuma. Vidole vilifunguka tu, chuma cha moto kikaangukia paja, nami nikakitazama kikiunguza suruali kama vile paja lilikuwa la mtu mwingine. Mdomo ulinirudia baada ya siku chache, mguu baada ya majuma. Mkono haukurudi.

Kilikuwa kiharusi. Hospitalini, mtaalamu wa viungo alimwonyesha mke wangu jinsi ya kunishika kiwiko, kukiinua na kukisukuma ili nami nisukume. "Mkono umesahau njia," alimwambia. "Lazima mtu auonyeshe kila siku." Mke wangu aliitikia. Lakini aliuza mitumba Soko la Toi, na huko anayechelewa kufungua hukuta mwingine ametandika mahali pake. Aliondoka alfajiri, akarudi usiku akiwa amechoka hata kuvua viatu.

Mchana nyumbani alibaki mama mkwe, aliyekuja kutoka magharibi mwa nchi kulea mtoto wetu mchanga. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Usiku alilala kwa jirani mwanamke. Mchana tulitenganishwa na shuka lililotundikwa katikati ya chumba chetu kimoja: mimi upande wa dirisha, yeye na mtoto na jiko upande wa mlango. Mtu pekee mwenye mikono miwili mizima ndani ya nyumba ile hakuruhusiwa kunigusa.

Wala hakutamani. Kwa kuwa hakupaswa kunisemesha, alizungumza na sufuria.

"Sufuria, umeona mambo? Binti yangu anapigwa na jua Toi, na mwanamume amekaa kama mgeni wa harusi."

Nami nilikuwa na betri ya gari iliyowasha televisheni yangu ndogo. "Betri," nilisema, "mwambie sufuria ugali hauivi kwa maneno."

Kabla mwezi haujafika nusu, mke wangu aliniambia yaliyokwisha kuamuliwa. Fundi mmoja wa Mashimoni, kule Kibera, alikuwa tayari kununua vifaa vyangu vyote, vilivyokuwa vimeletwa nyumbani kutoka kibandani, kwa shilingi elfu tatu na mia tano. Mama mkwe ndiye aliyempata. "Mwisho wa mwezi atakuja," mke wangu alisema bila kunitazama. "Ukiweza kushika chuma, tutabaki. Usipoweza, tunauza, tunaenda nyumbani kijijini."

Nilikuwa na kitabu cha neva nilichonunua Toi, hakina jalada. Nilikisoma upya nikakuta jambo moja: mkono uliosahau njia hujifunza tena unapoona matokeo ya kazi yake. Chini ya meza kulikuwa na mashine ya mchezo wa televisheni ambayo mteja wa Riruta aliiacha na hakurudi. Ilikuwa ya zamani, yenye nukta nyeupe inayokwenda huku na huku na kijiti cha kuirudisha. Kijiti kiliongozwa na kitasa kama kile cha kuongezea sauti ya redio. Kwa mkono wa kushoto nilifunga rula kwenye kitasa, na rula nikaifunga kwenye kifundo cha mkono mbovu. Mkono ukisogea, kijiti kinapanda. Nilikaa nikikitazama kijiti hicho, mkono wangu wa kwenye kioo cha televisheni, mweupe, mnyoofu, ukifanya nisichoweza kufanya hapa nje.

Kila nilipoigonga nukta, mashine ililia. Siku zilivyopita ililia zaidi.

"Sufuria, unasikia? Ti, ti, ti. Pesa ya maziwa inachajia betri ili baba wa watu acheze mpira."

Nilikuwa nashinda mchezo. Ila kila nilipojaribu kushika kijiko, kilianguka.

Alasiri moja jua liliingia dirishani, likanitupia kivuli kwenye shuka. Mama mkwe akaangua kicheko. "Sufuria, njoo uone. Anayumba kama mlevi, na mkono wenyewe umelala kama mtoto mgongoni."

Niligeuka nimwambie betri jambo baya sana, nikaona kivuli changu. Kiwiliwili chote kilikuwa kinakwenda mbele na nyuma kikibeba mkono. Siku zote hizo nilikuwa nimeuzoeza mgongo.

Nilijifunga kifua kwenye kiti kwa mpira wa tairi, nikaanza tena. Nukta ikapita bila kuguswa, mashine ikawa kimya.

"Leo mpira umekatazwa na daktari," aliiambia sufuria, na akaendelea kulifurahia neno hilo hadi jioni. Nilimchukia kwa utulivu, kama mtu afanyavyo kazi ya kila siku. Nilivuta mkono mpaka jasho likaingia machoni. Kiwiko kilipoanza kwenda chenyewe, niliondoa rula, nikagundisha kizibo cha soda juu ya kitasa ili vidole vizungushe.

Fundi wa Mashimoni alifika Jumapili ya mwisho wa mwezi, mke wangu akiwa nyumbani. Alisimama mlangoni akihesabu vifaa kwa macho.

"Sasa fundi. Naskia umestaafu."

"Ngoja kwanza," nilisema. "Chuma kiwekwe motoni."

Jiko lilikuwa upande wa mama mkwe. Chuma kilipopata moto hakuweza kunipa mkononi. Alikiweka sakafuni, akakisukuma kwa mwiko chini ya shuka, ncha ya moto ikinielekea.

Mke wangu aliinama akiokote. "Acha," nilimwambia.

Nilikizunguka, nikapiga goti, nikakishika mpini kwa mkono wa kulia. Kilitetemeka, lakini hakikuanguka. Doa la kwanza la lehemu nililotia kwenye waya lilipoa likawa jeusi, limekunjamana.

"Hiyo hata mtoto ataing'oa," fundi alisema.

La pili lilipoa likang'aa. Alivuta waya. Akavuta tena kwa nguvu, akaachilia.

"Sufuria," ilisema sauti nyuma ya shuka, "waya mmoja haujawahi kumlisha mtu."

Mke wangu alichukua pesa ambazo fundi alikuwa amekwisha kutanguliza, akamrudishia.

"Mmenitoa Mashimoni kuangalia mtu akichoma waya?" fundi alisema. "Na nauli?"

Nilimlipa nauli na soda, shilingi sitini. Kununua vifaa vile upya kungenigharimu elfu tisa na mia mbili. Ukitoa elfu tatu na mia tano alizotaka kunipa, na zile sitini, niliokoa shilingi elfu tano, mia sita na arobaini.