Tulipokuwa Tunaomba Moto

Sisi tuliokuwa wadogo wakati watu wanahamia vijiji vya ujamaa tunaijua baridi ya Tabora ya mwezi wa sita. Siyo hii ya vijana wa leo, wanaovaa sweta kwa sababu ya feni. Yetu ilikuwa inauma masikio. Asubuhi tulijikunyata jikoni tukitafuna michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, moshi unatutoa machozi na bado hakuna anayetaka kutoka. Shule ilikuwa mbali na miguu ilikuwa mitupu.

Na moto wenyewe haukuwashwa kwa kiberiti, uliombwa. Kwetu huko karibu na Goweko, mwanamke akiamka akakuta makaa yamezimika, alichukua kigae akaenda kwa jirani. Bibi yangu, mzaa baba, aliomba kwa Bibi Kalunde, shoga yake tangu usichana. Nyumba zao zilitenganishwa na kishamba cha karanga tu. Alibisha kwa salamu ya kwetu ya asubuhi, "Mwangaluka!" Akajibiwa vivyo hivyo, akasogezewa kigoda, na hapo basi tena. Kaa moja la moto lilimchukua asubuhi nzima. Walicheka sana wale vikongwe, tena kwa mambo yasiyofaa masikio ya watoto, ndiyo maana nilipenda kumsindikiza.

Tulipohamia kijijini, viwanja viligawiwa kadiri malori yalivyofika. Sisi tulifika na lori la kwanza, Bibi Kalunde na la mwisho. Nyumba zikapangwa mstari mmoja ulionyooka, sisi mwanzo kabisa, yeye mwisho kabisa. Bibi hakulalamika. Asubuhi alichukua kigae chake, akazipita nyumba zote zile, na zote zina moto, hadi kwa mwenzake. Anaporudi, makaa yameshageuka majivu na mama alishapika uji zamani. Watu walimcheka. Kesho yake anaenda tena.

Baba alimwonea huruma. Alikuwa mtu mwema baba yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Siku moja alirudi kutoka duka la kijiji na kiberiti, akampa kwa mikono miwili.

"Mama, pumzika sasa. Watu wataniona sikutunzi."

"Ahsante, mwanangu," bibi akasema. Angesema nini? Mtoto amekununulia moto, utamwambia unataka kwenda kuuomba?

Basi akaacha kwenda. Aliwasha mwenyewe, akakaa mwenyewe, na kicheko chake sikukisikia tena. Hata mwezi wa kumi, joto limetukausha makoo sote, yeye alijifunika blanketi akisema anasikia baridi. Baba akaongeza blanketi la pili. Mama akamkanda kwa maji ya moto. Bibi alishukuru kwa kila kitu, na akafariki kabla mvua hazijaanza.

Msibani Bibi Kalunde alifika akishikwa mkono, maana miguu ilikuwa imeshamgomea. Alikaa mkekani, akamwita baba karibu.

"Mwanangu, mwenzangu nilimkosea nini? Nilikuwa namngoja kila asubuhi."

Baba alifunika uso kwa kofia yake akalia, na sisi watoto tukaangalia chini kwa aibu, kwa kuwa hatukuwa tumewahi kumwona akilia.

Siku hizi moto ni kubonyeza tu. Wajukuu zangu wakiambiwa tuliwahi kuomba moto, wanauliza kama tulikuwa maskini sana. Kipupwe cha mwaka huu mwanangu wa Dar es Salaam alinitumia hita ya umeme kwa basi, mpya, ndani ya boksi lake. Jioni akanipigia simu kuuliza kama joto limefika. Nikamwambia limefika, ninashukuru sana. Alikuwa na haraka, akakata. Nikabaki nimeikodolea macho hiyo hita, sikuwa nimeichomeka hata kwenye umeme, na nilikuwa nimeshindwa kumwambia neno moja tu, kwamba ninataka aje.