Njia ya Bwawani, Nyuma ya Mama Mkwe

Mke wangu alikwenda kwao, upande wa Magu, kutafuta chakula baada ya mimi kupunguzwa kazini. Alisema angerudi Jumapili. Jumapili zikapita, nami nikawa mtu wa kuzungukazunguka Igoma, nikichungulia kila lori linaloingia kwa barabara ya Musoma. Miaka ile viwanda vilikuwa vinapunguza watu na mitumba imejaa kila kona. Nilipopata meza ya kuuzia viatu, sikuweza kungoja tena. Nikaenda kumchukua, nimepanga kurudi naye kwa lori la jioni hiyohiyo.

Nyumbani kwao nilimkuta mama mkwe peke yake. Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni wala hawaongozani njiani. Wakikutana, mmoja anaingia porini. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya ghala nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko bwawani," alijibu kutoka ndani. "Nami nakwenda hukohuko kuteka maji. Njia inagawanyika msituni. Nikikohoa mara moja, ni kulia. Mara mbili, kushoto."

Akatoka na ndoo kichwani na jembe begani. Nilingoja mpaka miti ikamficha, ndipo nikafuata.

Msitu wenyewe si mkubwa. Mtu asiye na haraka angeufurahia. Mimi nilikuwa na haraka. Lile bwawa lilijengwa zamani kupeleka maji kwenye kiwanda cha pamba na nyumba za wafanyakazi, na miti ikapandwa kulilinda. Pampu ilipokufa hakuna aliyeishughulikia. Kando ya njia mabomba yalikuwa yameliwa na kutu, mengine yamekatwa na wauza vyuma chakavu. Mbele yangu, kikohozi kimoja. Nikashika kulia. Mama yule alitembea polepole kama anayekwenda kanisani, na mimi roho juu: je, mke wangu ameniacha? Na kama hajaniacha, bwawa bovu ana shughuli nalo gani?

Nikaongeza mwendo. Hilo ndilo lililoniponza. Nilipokata kona nilimkuta amesimama katikati ya njia, ndoo mkononi, anarekebisha kata ya kubebea kichwani. Tukatazamana uso kwa uso. Ndoo ikamponyoka, akajifunika kanga. Mimi nikaruka kwenye miiba, na viatu vyangu vya mjini.

"Ee Mungu wangu," alisema kwa sauti, akiiambia miti. "Kuna watu wana haraka! Mbuzi wa faini nitamdai, tena jike."

Niliona aibu, na miiba imenichoma, lakini nikapata nafuu kidogo. Faini kama hiyo hudaiwa mkwe tu.

Vikohozi viwili, kisha miti ikaisha. Nilitegemea kuona maji. Chini ya ukuta wa saruji uliopasuka kulikuwa na kidimbwi tu. Pale palipokuwa bwawa pamekatwa majaruba, ya juu yamesimama mpunga mchanga, ya chini bado tope tupu. Mke wangu alikuwa katikati ya tope hilo, amezama hadi magotini.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja kukuchukua. Nimepata meza Igoma."

"Unauza nini?"

"Viatu."

Alitazama miiba iliyonasa kwenye suruali yangu, akacheka. "Mimi sijakukimbia. Lakini siondoki nikauacha mpunga huu uliwe na ndege. Haya ya chini hayajalimwa, na mama mgongo unamsumbua. Wewe ukitaka nenda na lori. Nitakuja baada ya mavuno."

Nilikasirika. Meza ya sokoni haimngoji mtu. Nisipokuwepo kesho, angeikalia mwingine. Nikawa natembea juu ya ukuta kwenda na kurudi, nikitazama mpunga, nikitazama njia.

Mtu akakohoa upande wa msituni. Nikampa mgongo kama inavyotakiwa, nikainamisha kichwa mpaka hatua zake zikapotea. Nilipogeuka, jembe lake lilikuwa limelazwa juu ya ukuta.

Mke wangu aliliona, akasimamisha kazi. "Jembe hilo mama hata mimi hanipi," alisema.

Huko barabarani lori lilipiga honi, ndefu. Nilikuwa nimekwisha kunja suruali, nashuka topeni, namwuliza nianze na jaruba lipi.