Bendeji ya Ndama

Nilimfunga ndama bendeji kitovuni. Nimeanza kucheka mwenyewe, kwa hiyo msione haya. Alikuwa na siku moja tu duniani, kitovu bado kibichi, na kila anayefuga huku Cyanzarwe anajua la kufanya: unapaka dawa ya ayodini, unaacha wazi kikauke. Lakini ayodini ilikuwa mjini, Gisenyi, na kwangu kushuka mjini ni safari ya kuaga ndugu. Nikachana foronya safi, nikamzungushia tumboni, nikarudi ndani kwenye chai yangu, najiona daktari.

Tena ndama mwenyewe hakuwa wangu. Ng'ombe wetu tulipewa bure na serikali, na anayepewa bure ana sharti moja: ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani. Jirani huyo, mama aliyerudi kutoka Kongo, muuza ndizi mpakani, alikuwa ameshajenga zizi na kupanda majani. Kila jioni alipita kumtazama huyo ndama, mtoto wake.

"Papa, hii kitambaa ni ya nini?"

"Ya usafi, mama."

"Mm."

Siku ya tatu ndama alinyonya kidogo akaacha. Ya nne hakunyonya kabisa, na zizini kulikuwa na harufu ambayo sikutaka kuijua. Nzi wa kijani walikuwa wametua juu ya foronya, hata ukiwapunga hawaondoki. Nikafungua fundo. Kitovu kilikuwa kinachezacheza. Mabuu meupe, yamezamisha vichwa, yanakula nyama ya kiumbe kilicho hai. Mkono wangu, nasema kweli, ulitaka kufunga tena. Nikageuka, yule mama jirani kasimama nyuma yangu.

Akatoa simu, akampigia daktari wa mifugo kabla hata ya kunigombeza. Hilo ndilo lililoniogopesha.

Veterineri alikuja na pikipiki, akainama, akasema neno moja la kututosha: yakishatoboa hadi tumboni, basi. Mama akapiga magoti kwenye samadi na kitenge chake, akashika miguu. Mimi nikapewa kushika beseni. Buu moja, la pili, la kumi; mengine yalijivuta ndani yakafuatwa na kibanio. Katikati ya kazi ndama akaacha kurusha miguu.

"Amekufa?" nikauliza.

Kibanio kikaendelea.

Veterineri akaosha kidonda, akapuliza dawa, akachoma sindano. "Akinyonya kabla ya jua kuzama, tuna ndama." Tukakaa watatu, jua likishuka upande wa Goma. Ndama akajaribu kusimama, akaanguka. Akajaribu tena, magoti yanatetemeka, akamfikia mama yake, akagonga kiwele kwa pua, akashika chuchu. Mkia ukaanza kucheza.

Nikakohoa nianze hotuba ya msamaha. Jirani alikuwa ananawa mikono, hata hakunitazama.

"Papa, kuanzia kesho kumuosha huyu mutoto ni mi. We kazi yako ni kufungua mulango tu."